Kitufe cha Kioo cha Dereva

Jumapili, tarehe 9 Machi

Ezekieli,

Nimetoka kanisani. Nimechemsha maharage, nimelisha kuku. Halafu nikaondoa turubai juu ya gari lako.

Miezi minne halijaguswa. Tangu mdogo wako Yakobo alirudishe kutoka Magara siku ile, limekaa hapo ubavuni mwa nyumba, chini ya turubai lile lile tulilorudi nalo kutoka kambini Tanzania. Buibui kwenye usukani. Jani la mchikichi kwenye kiti chako, sijui liliingiaje.

Sababu ni Neema. Mimba ya mwanetu ina miezi minane na presha ya damu yake inapanda. Daktari wa hapa Rumonge amesema asijifungulie hapa. Aende Bujumbura akae karibu na hospitali kubwa. Jumamosi Yakobo atampeleka. Watatumia gari lako, kwa sababu kwenye teksi za barabarani watu wanabanwa wanne nyuma na Neema hawezi.

Yakobo alikuja mchana kuliwasha. Liliwaka mara ya tatu. "Shemeji, hii iko mzima kuliko mimi!" Akapiga usukani kwa furaha, kisha akabonyeza redio. Kitufe kikaingia, hakikurudi. Akanusa vidole vyake. "Hii nini? Kama gundi ya panya."

Vitufe vyote vinanata. Redio, feni, taa za hatari, kufuli za milango, vioo. Ukigusa, ngozi yako inavutwa.

Nilisema nitavisafisha mimi. Nina siku sita. Nina mikono.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Vifaa: mswaki wako wa zamani, pamba, njiti za meno, chupa ya alkoli ya farmasi. Yakobo alinionyesha jinsi ya kufungua waya wa batri kwanza. Alkoli kidogo kwenye pamba, usimwage. Unasugua kwa kuzungusha. Pamba inatoka nyeusi. Unachukua nyingine.

Nilianza na redio. Chini ya kitufe cha sauti nilikuta karatasi ya peremende ya mnanaa. Ulikuwa unazificha hapo ili nisizihesabu, kwa ajili ya meno yako. Niliitoa kwa njiti, ikachanika. Nimekaa nayo mkononi muda mrefu.

Saa nane nilirudisha waya wa batri, nikafungua kontakti kwa ufunguo nijaribu. Redio ikaongea. Bado iko kwenye stesheni ya Kigoma. Mtu alikuwa anasoma matangazo ya vifo. Sauti ikaanza kupanda yenyewe. Sikugusa. Ikapanda mpaka mwisho, majina ya marehemu yanapigwa ukelele uani kwangu, kuku wakakimbia. Halafu ikakatika.

Sikupenda.

Niliposhuka sokoni niliona ziwa limeingia kwenye mstari wa kwanza wa michikichi. Wiki jana lilikuwa nje. Watu wanasema huko Magara maji yanagusa lami upande mmoja.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Leo kufuli za milango. Mwandiko ni mbaya, nisamehe.

Nilikuwa nimeketi kwenye kiti chako. Nilifunga mlango kwa sababu ya nzi. Kontakti wazi, kwa sababu nilitaka kusikia kitufe kinafanyaje kazi. Kufuli zikapiga zenyewe. Ta. Zote nne. Nikabonyeza kufungua. Kitufe kikazama, kikabaki chini. Nikavuta mkono wa mlango. Haukukubali. Nikabonyeza kitufe cha kioo kwa ncha ya njiti niliyokuwa nayo mkononi. Kioo hakikushuka.

Jua la saa sita. Hewa ikawa nzito mara moja. Nilimwona Neema nje anaanika nguo, nikagonga kioo. Akageuka, akacheka. "Mama, umekamatwa!" Kisha akauona uso wangu akaacha kucheka. Akaja mbio na tumbo lile. Tulivuta sote, yeye nje na mimi ndani. Kufuli zikapiga tena ta, mlango ukafunguka, nikaanguka kwenye vumbi.

Neema aliniletea maji. Akanipangusa vumbi. Najua alichokuwa anafikiri, kwa sababu na mimi nilikuwa nafikiri hicho hicho.

Sijawahi kuandika jinsi ulivyokufa. Naandika sasa, mara moja.

Ulienda Magara asubuhi kuchukua gunia la ndagala kwa wavuvi. Uliegesha kando ya lami, injini inanguruma, vioo juu kwa sababu ya vumbi. Moyo ukakushika. Wavuvi walisikia klakisoni, fupi, mara mbili. Walipofika milango ilikuwa imefungwa. Bahati, yule kijana Mkongomani anayeuza samaki sokoni kwetu, alivunja kioo cha upande wa abiria kwa jiwe. Ulifia njiani kwenda kituo cha afya. Daktari aliniambia hata mlango ungekuwa wazi ingekuwa vile vile.

Miezi minne nimeliegemea neno lile la daktari. Leo, ndani ya joto lile, halikunibeba.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimemwita Fundi Salvatori wa umeme wa magari, yule anayeongea na waya kama anaongea na mbuzi. "Njoo hapa wewe. Simama. Unakimbia wapi?" Neema alicheka. Nilifurahi kusikia.

Alibandua ubao wa vitufe kwenye mlango wa dereva akaugeuza kwenye mwanga. Akaingiza njiti, ikatoka na utomvu wa kahawia, mzito, una mchanga ndani.

"Mama Neema, gari hii haiumwi. Imelishwa."

"Imelishwa nini?"

"Mafuta. Mutu amepaka mafuta humu, siku nyingi. Mpira wa juu ya kitufe ukinywa mafuta unaoza, unakuwa kama ubani. Yale mengine yanashuka ndani, yanakamata vumbi. Basi." Akanusa. "Tena ni mise. Nani anapaka gari mafuta ya nywele?" Akacheka sana.

Neema alikuwa jikoni. Nilisema asante, nikampa chai.

Amesafisha kufuli akazimaliza, zinapiga vizuri. Kwenye vioo ameangalia tu. Kile cha abiria Yakobo alikigandisha kwa gundi baada ya kuweka kipya, hakishuki kabisa. Vya nyuma mota zake zilikufa zamani. "Iko kimoja tu kinachoweza kushuka," alisema, "cha dereva. Sugua kitufe chake taratibu, kwa alkoli, mpaka chini. Usiache kitu. Na barabara ile ya maji, msisafiri kabla hakijafanya kazi. Gari ikiingia ziwani, umeme unakufa baada ya dakika chache, mutu anatokea dirishani. Kama dirisha halishuki, anatokea wapi?"

Alisema kwa sauti ya kawaida huku anakunywa chai.

Jumatano, jioni

Ni mimi.

Naandika ili nisiweze kusema sikuandika. Ni mimi niliyepaka.

Mise yangu, ninayokamua mwenyewe kutoka kwenye mbegu za ndani za chikichi. Napaka nywele, napaka viatu, napaka mabenchi ya kanisa kabla ya Krismasi. Mama yangu alifanya hivyo. Kila kitu kinang'aa. Uliponunua gari nilipaka dashibodi, usukani, vitufe kimoja kimoja, kwa kidole, kila Jumamosi. Ulifungua mlango ukavuta hewa. Ukasema, "Gari inanuka kichwa chako. Sasa nikiwa safarini sitakukosa." Nilitembea na maneno hayo wiki nzima.

Halafu kuna siku nyingine. Ilikuwa kabla ya mvua. Ulikuwa unavua viatu mlangoni ukasema, "Vitri ya upande wangu inakuwa nzito kushuka, sijui ni nini." Nikasema, "Inakauka tu. Nitaongeza mafuta."

Nikaongeza.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nilienda sokoni kumnunulia Neema ndagala za kubeba. Si kweli. Nilienda kumtafuta Bahati.

Alikuwa kwenye meza yake, anafukuza nzi kwa kipande cha boksi. Aliponiona alisimama akafuta mikono kwenye suruali. "Amahoro, mama." Nikamwambia nataka aniambie siku ile tena. Yote. Akatazama samaki.

"Nilikuambiaka nusu," alisema.

"Niambie nusu nyingine."

"Ulikuwa na kilio, mama. Juu ya nini nikuongezee kingine?"

"Bahati. Mwanangu anapanda gari ile Jumamosi."

Basi akasema. Alipofika kwenye kioo ulikuwa unamwona. Mkono wako wa kushoto ulikuwa mlangoni. "Muzee alikuwa anafinya buto ya vitri. Anafinya, ananiangalia. Vitri haishuki. Anafinya tena. Ndiyo nikazunguka ng'ambo, nikakamata jiwe."

"Muda gani?"

"Kidogo. Kama kusali Baba Yetu mara moja."

"Kioo kilipovunjika?"

"Alikuwa anapumua. Upepo wa ziwa uliingia, akaupumua. Nilimuonaka, mama. Kweli ya Mungu."

Alinifungia ndagala akaongeza konzi mbili. Sikumbuki nilivyorudi nyumbani. Nakumbuka tu kwamba kwenye njia ya chini maji yalifika kwenye viatu vyangu, mahali ambapo sijawahi kuona maji.

Nilienda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva. Jua lilikuwa linaingia kwa ubavu. Ubao wa vitufe nilikuwa nimeugusa siku nne bila kuuangalia kwa mwanga huo. Vitufe vinne. Vitatu vina vumbi, viko sawa. Cha kwanza, chako, kina shimo. Kidole gumba. Kimezama kwenye ule mpira uliooza, na mbele yake ukucha umechora mistari. Mitano. Nilihesabu.

Alama ya mkono wako. Ndiyo ya mwisho uliyoiacha duniani, na umeiacha kwenye mafuta yangu.

Sikusafisha. Nilifunga mlango taratibu, nikarudisha turubai.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimeketi kwenye ukumbi wa mbele nikilitazama turubai.

Nilifikiri mambo haya, nayaandika jinsi yalivyokuja. Nimwambie Yakobo gari limekataa. Neema aende na teksi, abanwe. Au abaki hapa. Nilifikiri hivyo kweli: abaki hapa, na presha yake ile, ili mimi nisifute kitufe. Nilipojisikia nafikiri hivyo niliogopa. Si ziwa, si gari. Nilijiogopa mimi.

Saa tisa mvua ikapungua, Yakobo akaja kuangalia magurudumu. Nikawaita yeye na Neema. Nikawaambia wakae. Nikasema yote. Mise, kila Jumamosi, neno lako la mlangoni, jibu langu. Bahati. Kidole.

Yakobo aliinuka akaenda kusimama mvuani na mgongo wake kwetu. Ulikuwa kaka yake wa pekee. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

Alirudi akiwa amelowa. Akasema, "Shemeji, mimi nilikuwa nakusifu kwa watu. Nilisema, mukitaka gari ing'ae mumuulize muke wa kaka." Akajifuta uso. "Mimi pia niliendesha hii gari. Vitri ilikuwa nzito, nikajua, nikanyamaza."

Neema aliinuka, mkono kiunoni, akaenda kwenye gari, akavuta turubai. Akainama kwa shida. Aliweka kidole gumba chake kando ya alama. Kando, si juu. Akakaa hivyo.

"Kidole cha Baba kilikuwa kipana," alisema.

"Mwanangu, naweza kukuacha uende na kioo kisichoshuka. Yakobo ataendesha polepole." Nilisema hivyo. Nilisema kweli. Mungu anisamehe.

Akaniangalia. Alikuwa na uso wako, ule wa kuniambia nimekosea bila kupandisha sauti.

"Mama, yeye alikuwa anataka nini pale? Alitaka vitri ishuke. Basi ishushe."

Nikachukua pamba.

Yakobo alifungua waya wa batri. Nilimwaga alkoli kwenye pamba, si kwenye kitufe. Nilianza na mistari ya ukucha. Wa kwanza ulifutika kabla sijawa tayari. Nilifikiri ungekuwa na nguvu zaidi. Halafu wa pili, watatu. Shimo la kidole lilichukua muda, ule mpira ulitoka kama uji, mweusi, pamba baada ya pamba, na harufu ya mise ikapanda na alkoli, harufu ya Jumamosi zetu zote. Nililia bila sauti. Mikono haikusimama. Nilitoa utomvu wa pembeni kwa njiti, nikapitisha mswaki wako, nikafuta kwa kitambaa kikavu. Neema alishika tochi ya simu. Yakobo alishika chupa.

Chini ya uchafu kitufe kilikuwa cheupe, na mshale mdogo wa juu na mshale mdogo wa chini. Sikuwahi kujua kwamba kilikuwa na mishale.

Yakobo akarudisha waya, akafungua kontakti. Akasema Neema abonyeze. Neema akasema hapana, Mama.

Nikabonyeza.

Hakikushuka. Kilinguruma ndani ya mlango, kikanyamaza. Sote watatu hatukupumua. Nikabonyeza tena, nikashikilia, nikahesabu Baba Yetu yote moyoni. Kwenye "utuokoe" kilitikisika, kikatoa mlio kama mtu anayekohoa, kikaanza kushuka. Taratibu. Mpaka chini.

Upepo wa ziwa ukaingia.

Tulikishusha na kukipandisha mara kumi na mbili. Yakobo hakutaka kuacha. Pamba zilikuwa rundo. Nilitaka kuweka moja kwenye kopo la sukari. Nikajiuliza, niweke nini? Wewe haumo humo. Nilizichoma zote pamoja na takataka za jikoni.

Nimemtuma Yakobo kwa maderava wa parkingi awaonye. Watatu niliwahi kuwapakia mise kwenye magari yao. Jumatatu nitaenda mwenyewe na pamba na alkoli, nianze upya, gari kwa gari. Wakinicheka, wanicheke.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Wameondoka saa moja. Hakuna mvua. Neema mbele, kiti kimelazwa nyuma, ndagala miguuni. Nilimwambia anipigie simu wakipita Magara. Nilifagia mahali gari lilipokuwa. Nyasi zilikuwa za manjano, na umbo lake limebaki.

Ziwa limetulia, rangi ya bati. Liko kwenye mchikichi wa pili. Nilisimama nikilitazama, nalo linanitazama.

Saa mbili na nusu simu haijaita. Saa tatu kasorobo. Nilikaa na simu mapajani kama kuku anayelalia yai. Nilisikia pikipiki, nilisikia kengele ya shule, nilisikia moyo wangu.

Saa tatu na dakika tano.

"Mama, tumepita. Maji yako kwa lami, Tonton Yakobo aliendesha kama anabeba mayai. Nimemwambia ashushe vitri yote pale Baba aliposimama. Imeshuka. Unasikia?"

Nikasikia. Upepo tu, ndani ya simu.

Nimeosha mswaki wako, nimeurudisha kwenye kikombe. Chupa ya mise nimeiweka juu ya kabati. Ni ya nywele.

Ezekieli, mtoto akizaliwa nitakuandikia jina lake. Huko uliko, ukikumbuka kitufe kile, kumbuka pia Jumamosi zile, kidole changu kinapita juu yake nikikungoja utoke kuoga. Nilitaka king'ae. Nikumbuke hivyo.